Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine yako ya CNC inajua ilipokuwa?

#1 fundi_walukuba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Jinja, karakana yangu iko Walukuba. Nachonga milango, vibao vya majina na vichwa vya vitanda kwa mashine ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) niliyoiunga mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili. Inaongozwa na bodi ya Arduino Uno yenye GRBL, programu huria iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, kisha Sungeun Jeon akaiendeleza kwa miaka mingi. Nyuzi za kuuliza "ninunue mashine gani" zipo nyingi. Huu ni wa umeme, kwa sababu ndio uliniumiza.

Nilikuwa nachonga ubao wa mvule, mlango wa msikiti, kazi ya saa nne. Saa tatu zilipotimia mvua ikashuka na radi zake, umeme ukaenda. Ruta (mota kubwa inayozungusha biti ya kukatia) ikazima, mota zinazosogeza mashine zikalegea. Laptop yangu ina betri, haikuzima. Arduino inapata umeme wa USB kutoka kwenye hiyo laptop, nayo haikuzima. Basi namba kwenye kioo ziliendelea kukimbia: X inaongezeka, Y inapungua, Z inapanda na kushuka, na mashine yenyewe imesimama tuli. Mimi nilikuwa nje naingiza mbao zisilowe. Niliporudi na kusimamisha, GRBL ilikuwa imeshahesabu karibu dakika nzima ya kazi ambayo hakuna mota iliyoifanya. Umeme uliporudi nikabonyeza kuendelea. Biti ikachonga ua jipya katikati ya ua lililokwisha. Ubao ule haukuokoka, na mwenye kazi alisubiri wiki mbili zaidi.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile, nimesoma msimbo wa GRBL wenyewe (faida ya programu huria ni hiyo, kitabu kiko wazi), na naona ni hivi. GRBL haioni mashine. Haina jicho kwenye mhimili wa mota. Inatuma mapigo na kuyahesabu, basi. Mota ya stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Mimi natumia skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, na draiva (kifaa kinachoilisha mota umeme) imegawa kila hatua mara 16, kwa hiyo 200 mara 16 gawanya kwa 8, napata mapigo 400 kwa milimita. Ndiyo namba ninayoandika kwenye $100 (mpangilio wa GRBL; mipangilio yake yote inaanza na alama hiyo, siyo pesa). Bodi ikituma mapigo 400, inaamini imesogea milimita moja. Mota iwe na umeme au isiwe nao, imani ni ileile.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili na nataka mnikosoe.

La kwanza, nimefunga swichi za kikomo kwenye X, Y na Z na kuwasha $22=1, ili mashine iweze kwenda nyumbani, yaani kwenye pembe yake ya kuanzia, kwa amri ya $H. Nilikaa mwaka mzima bila swichi kwa kuona ni mapambo. Mashine isiyo na nyumbani, umeme ukikatika, haina pa kuanzia kuhesabu tena. Yenye nyumbani inarudi kwenye pembe yake, inagusa swichi, na sifuri ya kazi (pale mchongo unapoanzia) uliyoiweka kwa amri ya G54 bado ipo, maana GRBL inaihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu ya bodi, hata ukiizima wiki nzima. Angalieni: G54 hadi G59 zinahifadhiwa, G92 haihifadhiwi. Nilikuwa naweka sifuri kwa G92 kwa mazoea. Nimeacha.

La pili, nimeweka rilei ya volti 240 kwenye umeme wa ukutani. Umeme ukiwapo, koili inavuta. Umeme ukienda, rilei inaachia, na mguso wake unaofunga wakati huo unaiunganisha pini ya A1 ya Arduino na waya wa GND. A1 kwenye Uno ndiyo pini ya kusitisha mwendo. GRBL inapunguza kasi kwa utaratibu, inasimama, inaandika "Hold" (imesitishwa). Namba zinaacha kukimbia.

Rilei moja, nyaya mbili. Nauliza: kuna mwenye njia bora?

#2 dada_wa_ndeeba

Pole sana kaka. Mvule sasa hivi hauokotwi, ubao mpana kama wa mlango unautafuta Ndeeba nzima kwa siku mbili.

Mimi nina mashine ndogo ya 3018, ile ya eneo la milimita 300 kwa 180, nachonga mihuri ya mbao na vibao vya milango ya ofisi. Swali langu la kwanza: nimefunga bodi ya nyongeza, ile nyekundu inayokaa juu ya Uno, imeandikwa V3. Swichi za X na Y zinafanya kazi. Ya Z haifanyi chochote. Nimebadilisha swichi mara tatu.

#3 fundi_walukuba

Dada, usinunue swichi nyingine. Bodi ile ilichorwa zamani kidogo. Tangu GRBL ianze kudhibiti kasi ya spindo (mota ya biti) yenyewe, pini ya D11 imepewa spindo, na kikomo cha Z kimehamishiwa D12. Maandishi kwenye bodi hayakubadilika. Toa waya wa Z pale palipoandikwa Z, uchomeke kwenye pini iliyoandikwa SpnEn. Utaona inaitika.

#4 dada_wa_ndeeba

Imeitika! Miezi minne nilidhani nimeunguza kitu. Asante sana.

#5 stima_na_waya

Wakuu salaam, niko Busia, upande wa Uganda, ni fundi umeme. Fundi Walukuba, wazo la rilei ni zuri, ila hapa nitasema kwa mkazo kwa sababu nimeona kidole cha mtu.

Umeme ukikatika, ruta yako inazima. Swichi yake imebaki kwenye ON. Wewe unasogea, unaanza kupangusa vumbi, unashika biti kuona kama imevunjika. Umeme unarudi bila hodi. Ruta inaanza kuzunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika na mkono wako uko pale.

Dawa ni ileile ya mashine ya posho. Nenda kinu chochote cha kusaga mahindi, utaona kisanduku ukutani chenye kitufe cha kijani na chekundu. Mafundi tunaita stata. Ndani kuna kontakta inayojishikilia kwa umeme unaopita. Umeme ukienda inaachia, na ukirudi HAIWAKI mpaka mtu abonyeze kijani. Mwenye kinu hajawahi kuifikiria, lakini ndiyo inayomlinda kila siku. Pitisha umeme wa ruta kwenye stata ndogo kama hiyo. Na ukitaka uzuri zaidi, kontakta nyingi zina miguso ya ziada pembeni. Tumia mguso huo kwa A1 badala ya rilei ya pekee. Hapo hata ruta ikizimwa na mtu kwa bahati mbaya, GRBL inasimama.

Uno isiguse volti 240 hata kwa karibu. Mguso unaopeleka waya kwenye A1 uwe peke yake, nyaya zake zipite njia yake.

#6 fundi_walukuba

Ssebo, hili sikulifikiria kabisa. Kesho naenda kutafuta stata. Nimekuelewa pia kwamba mguso wa kontakta unafunika mambo mawili kwa wakati mmoja, umeme kukatika na ruta kuzimika. Hiyo ni bora kuliko yangu.

#7 mutukula_kwa_miguu

Mimi niko Mutukula, narudi Bukoba kila wikiendi. Naomba niulize swali ambalo pengine wengi wanalo. Kuna jamaa alinipa programu ya kuendesha CNC ya Windows, ya kulipia, lakini imevunjwa, haidai leseni. Ina vitufe vizuri. Kwa nini nihangaike na hizi huria zenye alama za dola kila mahali?

#8 arua_moja

Mkuu wa Mutukula, nitakujibu kwa yaliyonikuta. Niko Arua, naendesha mashine ya kukata kwa plazma na moja ya mbao. Nilianza na programu iliyovunjwa kama hiyo yako. Siku moja ilianza kuruka hatua kila inapofika mstari fulani. Ningemuuliza nani? Mwenye programu hawezi kunisaidia kwa kitu nilichoiba, na aliyeivunja hajulikani. Niliikata sahani ya chuma ya mteja mara mbili kwa mkono mwisho wa siku.

Nikahamia LinuxCNC. Historia yake inanipa moyo: ilianza miaka ya 1990 kwenye taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ikiitwa EMC, na kwa kuwa ni kazi ya serikali yao iliwekwa wazi kwa kila mtu. Watu waliojitolea wakaichukua, wakaikuza, jina likabadilishwa baadaye. Inaendesha mihimili hadi tisa. Na ikikataa, naandika swali, mtu wa Ujerumani au Kanada ananijibu na kunionyesha mstari.

Kuhusu uzi wa leo. Kwenye LinuxCNC kuna sehemu inaitwa HAL. Ifikirie kama ubao wa nyaya ulio ndani ya kompyuta: kila kitu kina pini yenye jina, nawe unaunganisha pini na pini kwa kuandika. Ukitaka kontakta ya fundi wa Busia isitishe kazi, unachukua pini ya kuingizia kwenye poti ya printa, unaipeleka kwenye halui.program.pause. Mstari mmoja wa maandishi. Hakuna anayekuambia toleo lako halina huduma hiyo.

#9 mutukula_kwa_miguu

Poti ya printa ile ndefu ya zamani? Kompyuta za siku hizi hazina.

#10 arua_moja

Hazina, ndiyo maana natumia kompyuta ya mezani ya mtumba. Zile za ofisi zinazoletwa kutoka Ulaya, nyingi bado zina poti hiyo au zina nafasi ya kuchomeka kadi yake. Poti ina pini tano za kuingiza: 10, 11, 12, 13 na 15. Kwa mashine ya mihimili mitatu zinatosha ukizipanga kwa akili, kwa mfano swichi zote za nyumbani kwenye pini moja.

Lakini msinunue kompyuta kwa kuangalia ukubwa wa prosesa! Hapa wengi hupoteza pesa. LinuxCNC ikituma mapigo kupitia poti ile, kompyuta lazima iamke kwa wakati kila mara, sekunde imegawanywa mara maelfu. Kuna jaribio la latensi (ucheleweshaji huo) linalokuja na programu. Liwashe, fungua video, nakili mafaili makubwa, zungusha madirisha, acha hivyo kwa muda mrefu. Ukiona kilele chini ya nanosekunde 20,000 umepata kompyuta nzuri sana. Kati ya 30,000 na 50,000 bado itafanya kazi, ila kasi itakuwa ndogo. Ikipita 100,000, irudishe dukani. Nimepima kompyuta mpya ya gharama ikashindwa, na ya mtumba yenye vumbi ikapata 12,000. Kabla ya kuikataa jaribu kuzima mambo ya kuokoa umeme kwenye BIOS, mara nyingi ndiyo yanayoichelewesha. Mimi huenda dukani na flashi yangu yenye LinuxCNC, naomba dakika ishirini. Wauzaji wa Kampala wamenizoea.

Zamani ilibidi kutafuta kerneli (kiini cha Linux) maalumu. Sasa ile kazi ya PREEMPT_RT, ya kuifanya Linux iitike kwa wakati, imeingizwa rasmi kwenye Linux yenyewe tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, baada ya miaka kama ishirini ya watu kuisukuma.

Ukiwa na pesa zaidi kuna kadi za Mesa, hizo zinazalisha mapigo zenyewe na kuiondolea kompyuta mzigo. Lakini kwa kuanza, poti ya mtumba inatosha.

#11 dada_wa_ndeeba

Kwa hiyo nani achukue ipi? Naona nyote mnasifu zenu.

#12 fundi_walukuba

Dada, kwa 3018 yako baki na GRBL. Iko kwenye chipu ya kilobaiti 32 tu na inafanya kazi ya mihimili mitatu kwa uaminifu. Inatoa mapigo hadi 30,000 kwa sekunde. Kwa mapigo 400 kwa milimita hiyo ni milimita 75 kwa sekunde, mota zako zitachoka kabla yake. Ukija kutaka mhimili wa nne au swichi nyingi, kuna FluidNC kwenye bodi za ESP32, mpangilio wake ni faili la maandishi unaloliandika bila kukusanya msimbo upya. Kwa plazma kama ya ndugu wa Arua, ambako kimo cha tochi kinafuata volti ya moto muda wote, LinuxCNC haina mshindani kwangu.

#13 dada_wa_ndeeba

Nimeelewa. Sasa jambo langu lenyewe. Mimi umeme haujakatika, lakini kazi ilihama. Nilikuwa nachonga kibao cha mvule, biti ya milimita 3, ghafla ikatoa sauti kama imegonga chuma, halafu kila kitu baada ya hapo kikahama upande wa kulia kama milimita mbili. Hakuna ujumbe wowote kwenye kioo. Nilipasua ubao nikakuta doa jeupe gumu ndani.

#14 fundi_walukuba

Hilo ni jiwe la mvule! Maseremala wa zamani wanalijua. Mti ule huweka chokaa ndani ya mbao, wakati mwingine inakuwa ngumu kama kokoto, na nje huoni kitu. Biti yako ililigonga, mota ikashindwa kusukuma, hatua zikapotea. GRBL ikaendelea kuhesabu. Ni ugonjwa uleule wa umeme kukatika, ila umeingia kwa mlango mwingine.

Ninachofanya mimi kwenye mvule: mchongo mrefu nauvunja vipande vitatu au vinne, kila kipande faili lake. Baada ya kila faili, $H, halafu naipeleka biti juu ya pembe ya ubao niliyoitia alama ya penseli na kuangalia kwa jicho. Ikikaa pale, naendelea. Isipokaa, nimepoteza kipande kimoja tu. Na nimeshusha kasi na kina. Kwa paini au musizi nakata kina cha milimita 3 kwa mpito, kwa mvule 1, na sioni aibu.

Na vaa barakoa nzuri dada, siyo kitambaa. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, kuna watu wanaugua pumu kwa sababu yake. Ruta inalitoa laini kuliko msumeno.

#15 stima_na_waya

Narudi kwenye umeme. Fundi Walukuba, rilei inazuia namba kukimbia, sawa. Lakini mota zako bado zinalegea umeme ukienda. Kwa nini usiweke UPS, kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika?

#16 arua_moja

UPS ndiyo, ila kwa makini. Kuna jamaa hapa Arua aliweka kila kitu kwenye UPS isipokuwa ruta, kwa kuwa ruta ni nzito. Umeme ukaenda, ruta ikazima, mota zikaendelea kusogea na biti imesimama ndani ya ubao. Ikakatika vipande viwili. Kwa hiyo UPS bila kontakta ya kusitisha ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

#17 fundi_walukuba

Kabisa. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja: UPS inashikilia mota, kontakta inasitisha mwendo. Ruta ina mzunguko wake wa kubaki sekunde kadhaa baada ya umeme kwenda, na GRBL inasimama ndani ya muda mfupi kuliko huo, kwa hiyo biti bado inazunguka mwendo unapokwisha. Umeme ukirudi: kijani kwenye stata, subiri ruta ifike kasi yake, ndipo ubonyeze kuendelea. Kwa utaratibu huo mstari hauonekani kwenye mbao.

Ukiona betri ya UPS inakwisha na umeme haujarudi, usiache izime yenyewe. Hakikisha kioo kinasema "Hold" na mwendo umesimama kabisa, halafu tuma amri ya kuanza upya. Ukiituma mashine ikiwa bado inatembea unapata ALARM:3, maana yake GRBL yenyewe inakiri haijui tena ilipo. Ukiituma imesimama, namba zinabaki. Inua Z, zima kwa amani.

Asiye na UPS, kama mimi mpaka sasa, njia ni ndefu kidogo. Umeme ukirudi USIBONYEZE kuendelea. Mota zililegea, rota zimekaa kwenye hatua ya karibu, na Z huenda imeshuka. Hii ya Z wengi hawaijui: skrubu ya milimita 8 kwa mzunguko inaweza kurudi yenyewe kwa uzito wa ruta mota ikilegea, biti inazama kwenye ubao. Ile ya milimita 2 kwa mzunguko haishuki. Zungusha skrubu kwa mkono biti itoke, anza upya, $H, kisha endesha kuanzia mstari wa nyuma. UGS, programu ya laptop inayoitumia GRBL faili, ina sehemu ya kuanzia katikati ya faili, inainua Z kwanza na kurudisha hali ya amri zote.

Na hapa kuna mtego. Mstari unaouona kwenye kioo siyo ule biti ilipokuwa. Programu ya laptop iko mbele: GRBL ina mistari hadi 16 kwenye mpango wake na mingine imekaa kwenye bafa (foleni ya kusubiri) ya herufi 128. Rudi nyuma mistari thelathini au arobaini. Biti itapita hewani kwenye mahali palipokwisha kuchongwa, hakuna hasara.

#18 mutukula_kwa_miguu

Nimefuta ile programu iliyovunjwa, nimeanza na Uno niliyokuwa nayo kabatini. Swichi nimefunga. Shida: nikiwasha ruta tu, ALARM:1, eti swichi ya kikomo imeguswa. Ruta ikizimwa, safi. Nimeongeza $26 hadi 250, wapi.

#19 stima_na_waya

Kelele za umeme hizo. Ruta ina brashi za kaboni, zinatoa cheche muda wote, na waya wa swichi zako ni antena. $26 haitakusaidia hapo: hiyo inatuliza swichi wakati wa kwenda nyumbani tu, kikomo kigumu, yaani swichi kusimamisha mashine katikati ya kazi, kinasikika papo hapo.

Fanya hivi. Nyaya za swichi zisipite pamoja na waya wa ruta wala za mota. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Tumia waya wenye wavu, wavu huo uungwe athi upande mmoja tu. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na GND, karibu na bodi. Na hakikisha soketi yako ina athi ya kweli. Nimepima nyumba nyingi ambazo tundu la tatu halijaungwa na chochote.

La mwisho kwa wote wanaonunua pawa ya volti 24 au 36 ya mashine hizi: ubavuni kuna kiswichi chekundu cha 110 na 220. Nyingine zinakuja zimewekwa 110. Ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 240, inalipuka palepale. Angalieni kabla ya kila kitu.

#20 fundi_walukuba

Na kama kelele zinakataa kuisha leo na kazi inasubiri, mkuu wa Mutukula, zima $21 (kikomo kigumu), acha $22 (kwenda nyumbani) na $20 (mipaka ya hesabu). Mashine itaenda nyumbani wakati ruta imezimwa, halafu italindwa na mipaka ya hesabu kwa kufuata $130, $131 na $132, kwa hiyo pima urefu wa kila mhimili kwa rula kabla ya kuandika. Hiyo ni ya kuvukia tu, shida ya waya uimalize.

#21 fundi_walukuba

Wakuu, taarifa. Stata nimeipata Kisenyi, imetumika lakini koili yake ni nzima, ya 240. Nimeifunga Jumamosi na fundi umeme wa mtaani, tumetumia mguso wa ziada kwenye A1 kama alivyosema ndugu wa Busia. UPS nimeazima dukani kwa shemeji.

Mlango wa pili wa msikiti umeanza Jumatatu. Saa nane mchana umeme ukaenda. Nilisikia stata ikisema "tak", mashine ikapunguza mwendo, ikasimama. Kioo: Hold. Namba tuli. Nilitoka nje nikanywa chai. Baada ya dakika kumi na tano hivi umeme ukarudi, ruta ikabaki kimya. Nikabonyeza kijani, nikahesabu hadi kumi, nikabonyeza kuendelea. Usiku nilimulika tochi kwa ubavu juu ya ubao kutafuta alama pale iliposimama. Nimepapasa kwa kidole pia. Hakuna.

#22 dada_wa_ndeeba

Alhamdulillah! Tuwekee picha mlango ukikamilika.

#23 mutukula_kwa_miguu

Hongera fundi. Mimi kelele zimeisha, ilikuwa athi, tundu la tatu halikuungwa kama alivyosema mkuu. Lakini sasa swichi zinafanya kinyume: mashine ikiwa katikati inasema zimebonyezwa, nikizibonyeza inasema ziko wazi.

#24 fundi_walukuba

Umefunga kwenye miguu ya NC (inayofunga swichi isipobonyezwa), siyo NO (inayofunga ikibonyezwa). Usibadilishe waya, hiyo ndiyo bora, maana waya ukikatika mashine inasimama badala ya kugonga ukuta. Andika $5=1, inayogeuza usomaji wa swichi, zima uwashe, kisha bonyeza kila swichi kwa mkono kabla ya $H ya kwanza. Ukimaliza niambie ni mhimili upi umeanza kusogea. Lazima iwe Z, kwenda juu. Ikishuka, kata umeme haraka na utuandikie umeweka ngapi kwenye $3 na $23 (mielekeo ya mihimili).